Picha Ambayo Haijasafishwa

Simu ya Mwanaidi ilinikuta jikoni asubuhi, nakoroga uji. Sikuijua sauti. Alianza na salamu za watu wa Mbwera, kule kwenye delta ya Rufiji, ambao hawakuambii jambo mpaka wamekuulizia afya, nyumba, jirani na kuku wa jirani, nami nikawa naitikia huku nakisia ni nani: mteja wa harusi labda, au mtu wa michango. Ndipo akasema yeye ni mdogo wake Athumani, marehemu, yule aliyekuwa akiuza korosho pale Kibiti. Nikazima jiko. "Namba yako nimeipata kwa watu wa Kibiti, dada. Mama anakusalimu sana. Sasa hivi hatoki tena, miguu haimbebi. Anaulizia ile picha." Nikamwuliza picha gani, na Mungu ananiona, nilikuwa naijua. "Ile ya kaka," akasema. "Uliyomwambia haijasafishwa. Anasema kama imekwisha kusafishwa basi aione, maana hajui Mungu amemwekea siku ngapi."

Nimeishi kwa kamera miaka thelathini na ushei. Vijana wa leo wanapiga picha kwa simu na kuiona papo hapo, hawajui kwamba zamani picha ilipigwa leo ikaonekana wiki ijayo. Filamu ilitolewa kwenye kamera gizani, ikaogeshwa kwenye dawa, na kazi hiyo tuliiita kusafisha. Kumwambia mtu kwamba picha yake haijasafishwa ilikuwa kauli ya kila siku, wateja waliizoea kama walivyozoea fundi cherehani kusema bado vifungo. Nami nilimwambia mama huyo maneno hayo siku moja baada ya mwanawe kuzikwa. Ulikuwa uongo. Hakukuwa na picha ya kusafisha. Nina masanduku yaliyojaa sura za watu nisiowakumbuka hata majina, mabibi harusi walioachika zamani, watoto ambao sasa wana watoto wao. Ya Athumani, ambaye nilimpenda nikiwa na miaka ishirini kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote baadaye, na marehemu mume wangu anisamehe, sina hata moja. Na mwaka mzima nilikuwa nimemwelekezea kamera.

Studio ya Mzee Kondo ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara kuu iendayo Lindi, kimegawanywa kwa pazia zito. Mbele ya pazia palikuwa na benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja, na koti moja la kijivu lililovaliwa na kila mwanamume aliyewahi kuhitaji picha. Ukitazama picha za wazee wa Kibiti za miaka ile utadhani wote walishonewa na fundi mmoja, kumbe ni koti lilelile, limebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nyuma ya pazia, penye mlango wa pili, ndipo palikuwa na chumba cha giza, na huko ndiko nilikojifunzia kazi. Umeme tuliazima kwenye jenereta la jirani mwenye ukumbi wa video, kwa hiyo nilichapa picha za watu waliotulia kama maji ya mtungini huku nasikiliza watu wakipigana ngumi upande wa pili wa ukuta. Saa haionekani gizani, na Mzee Kondo alipima muda wa dawa kwa tasbihi: mizunguko minne ya shanga tisini na tisa, shanga kwa pumzi, kisha filamu inatoka. "Unapata picha na unapata thawabu," alikuwa akisema. "Nani mwingine analipwa mara mbili kwa kazi moja?" Nilimpenda mzee yule, na mpaka leo nikisubiri jambo lolote vidole vyangu vinasukuma shanga ambazo hazipo.

Mambo yalianzia kwenye kamera yake ya zamani iliyokwama. Kile kilango cha ndani kinachofunguka na kujifunga upesi kama kope kikawa kinafunguka bila kujifunga, na kwa kuwa fundi wake alikuwa Dar es Salaam na Dar es Salaam ilikuwa mbali, mzee alinipa niichezee. Nikagundua kwamba naweza kupiga picha kwa kufunua kifuniko cha lenzi na kukirudisha kwa mkono. Filamu ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Jua la mchana wa Kibiti si la mchezo, sekunde mbili tu na kila kitu kimeungua. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikwenda kwa Chande, fundi wa kuchomelea aliyekuwa jirani yetu upande wa pili, nikamwomba kioo cheusi kilichotoka kwenye barakoa yake mbovu, kile kinachomkinga fundi asipofuke kwa mwali. Nikakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Halafu siku ya gulio, saa sita mchana, nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu mlangoni pa studio, nikaielekeza barabarani, nikafunua kifuniko na kuhesabu tasbihi nzima.

Picha ile ilipotokeza kwenye dawa nilidhani nimekosea filamu. Barabara ilikuwa tupu. Siku ya gulio, watu wamejaa hata mbuzi hana pa kupita, na pichani hapakuwa na mtu. Ghala la korosho lipo, miarobaini ipo, baiskeli iliyoegemezwa ipo, na mbuzi mmoja aliyelala kivulini yupo mpaka ndevu zake. Nilimwita Mzee Kondo, akaiinua kwa koleo ikidondoka maji. "Watu wako wapi?" akauliza. Nikamwambia walikuwa wanatembea. Akasema, "Basi Israfili akipuliza parapanda itakuwa hivi," akarudi mbele kumfunga mteja koti. Mimi sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Nilikuwa nimeelewa kwamba kamera ikiachwa wazi muda mrefu humwona aliyetulia tu. Anayepita hupita asiache alama, na gari likipita huacha utepe wa weupe na vumbi lililotandaa kama maziwa yaliyomwagika.

Magari ndiyo yaliyonishika. Wakati ule kusini hakukuwa na daraja, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na kwa hiyo hayakuja moja moja kama leo. Yalikuja kwa makundi, kama kivuko kilivyoyaachia. Saa nzima barabara kimya, mara malori, mabasi, Landrova, yote yanafuatana yakikimbizana, kisha kimya tena. Kundi moja lilikuwa tasbihi mbili. Nilijifunza kufunua mapema, kufunika jua likiingia wingu, kuelekeza pembeni ili utepe wa magari upite katikati na miarobaini ibaki imesimama wima. Filamu nilizotumia zilikuwa vipande vilivyobaki mwishoni mwa filamu za wateja. Siku moja nikiwa gizani nilimsikia Chande akisema kupitia ukuta, "Mzee, binti yako anaharibu filamu kwa kupiga vumbi." Mzee Kondo akamjibu, "Mwache. Akiolewa ataacha." Wakacheka wote wawili. Nikaapa kwamba nitapiga picha ya barabara ambayo itawafunga midomo. Niseme ukweli, kiburi changu cha mwaka ule kilizaliwa katika kicheko kile, na nilikilea mwenyewe kwa mapenzi makubwa.

Athumani aliishi kwa mjomba wake nyuma ya msikiti. Alikuwa ametoka Mbwera kuja kutafuta maisha, akiuza korosho za kukaanga na kamba wakavu kwa abiria wa mabasi, sinia begani, mkono mmoja umeshika dirisha la basi, miguu inakwenda. Alikuwa na mbio za kustaajabisha. Basi lingeondoka na yeye bado anarudisha chenji, anakimbia nalo mpaka kwenye mti wa mwisho, na sikuwahi kuona korosho imedondoka. Alikuja studio kuomba maji ya kunywa, akaja tena, akaja na kamba wa kwao waliokaushwa na moshi, nami nikawa nawapika kwa nazi uani na kula wali wa mchana na Mzee Kondo na yeye. Yeye alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, jicho barabarani. Mzee alimwambia, "Kaa, wewe, chakula kishuke." Athumani akasema, "Kitashuka nikikimbia." Kwa makonda alijua kivuko kimeachia saa ngapi, na alipopita mbio mbele ya mlango angesema tu, bila kusimama, "Siwema, yanakuja," nami nakimbilia kifuniko. Ndivyo tulivyochumbiana, kama ule ulikuwa uchumba.

Alipenda kujitafuta kwenye picha. Nilimpa lenzi ya kukuzia, akainama juu ya meza kama daktari. "Mie niko wapi hapa?" Namwonyesha kwa kidole: hapa ulikuwa ubavuni mwa basi, hapa ulikuwa unavuka, hapa ulikuwa unaniambia yanakuja. Kila mahali nilipogusa palikuwa na ukuta mtupu, au ukungu. "Umenipiga picha na mie simo," akasema siku moja. "Wewe binti ni mchawi." Nilicheka. Nilimwambia hiyo ndiyo sanaa, na nililitamka neno hilo kama mtu aliyelinunua jana. Akalitafakari. Halafu akasema, "Sawa, lakini nipige na moja ya kawaida. Ya koti. Nimpelekee mama. Hajaniona tangu mwaka uliopita, na nimeshamtajia jina lako, na wazee wa kwetu watakuja kwenu tukishavuna mpunga. Basi na aone nilivyo sasa."

Nimeyarudia mazungumzo hayo maelfu ya mara, na kila mara natafuta mahali ambapo ningeweza kusema haya, njoo uvae koti. Pako kila mahali. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Badala yake nikamwambia picha ya kawaida atampiga Mzee Kondo. "Nataka unipige wewe," akasema. Nikamwambia kama ni mimi, basi asimame pale kwenye ukuta wa ghala la korosho, atulie tasbihi moja tu, magari yapite mbele yake, na yeye awe mtu pekee aliyebaki katika barabara nzima. Nilikuwa naiona picha hiyo. Ingewafunga midomo. Alikubali kwa kuwa alinipenda. Akasimama, akaweka sinia chini, akanyoosha shingo kama mtu anayepimwa urefu. Nikafunua. Sijafika shanga ya thelathini, basi la Mtwara likatokea, abiria wamechomoza mikono madirishani, naye akaokota sinia na kwenda. Alirudi anahema, anacheka, anaomba radhi. "Basi likija nitasimamaje, Siwema? Ndilo linalonilisha." Baadaye aliniomba tena ile ya koti, kisha mara ya tatu. Nikamjibu, na haya ni maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha: "Siku utakayojua kusimama, nitakupiga."

Homa ilimshika siku ya Jumamosi. Siku ya kwanza sikumwona nikadhani yuko upande wa pili wa barabara. Siku ya pili nikadhani amekwenda bandarini Nyamisati kufuata kamba. Siku ya tatu Mzee Kondo akaniambia kijana anaumwa, yuko kwa mjomba wake, amechomwa sindano na ataamka. Msichana asiyeposwa haendi kumtazama mwanamume kitandani, basi nikapika uji, nikautuma kwa mke wa Chande. Bakuli lilirudi na uji wake. Jumatano alfajiri akafa. Hakuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu.

Asubuhi hiyo sikujua pa kukaa, nikaenda kazini. Niliingia chumba cha giza, nikafunga mlango, nikaweka mikono kwenye maji ya kusuuzia na kuiacha humo. Hapo ndipo nilipomsikia mjomba wake akiingia studio kuzungumza na Mzee Kondo, ambaye alikuwa miongoni mwa wazee wanaoshughulikia maziko pale msikitini. Mjomba alisema wamempelekea mama yake habari, lakini maji yamekupwa na mashua haiwezi kutoka Mbwera mpaka yajae, na yakijaa ni giza. Hawafiki leo. Mzee Kondo akauliza kama hakuna namna ya kumgoja mpaka kesho. "Maiti haingoji, mzee, na joto lenyewe hili. Tumzike alasiri." Mzee Kondo akasema kwa sauti ya chini kwamba mama wa watu hajamwona mwanawe mwaka mzima. "Mama yake ni dada yangu," mjomba akasema. "Mimi ndiye nitakayempokea kesho. Usidhani sijalifikiria." Nilisikia benchi likilia alipoinuka. Jenereta la jirani halikuwashwa mpaka usiku, kwa heshima, na ukimya ule ulinisikilizisha kila neno.

Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini kuzika. Tunalia nyumbani, tunabaki. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara, na msikiti upande wetu, na jeneza lilikuwa lazima livuke. Mimi nilibaki nyuma ya pazia la mlango wa studio. Kamera ilikuwa hapo hapo nilipoiacha, juu ya miguu yake, na kioo cha Chande mbele ya lenzi. Sitajitetea kwamba niliwaza. Walipotokeza na jeneza limefunikwa shuka la kijani, wanaume wote wa Kibiti nyuma yake, nilifunua kifuniko, na sikuwa na haja ya tasbihi kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakisema Lailaha illallah, nami nikahesabu kwa sauti yao. Wanaozika kwetu hawatembei, wanakwenda mbio, kwa sababu mtu mwema huharakishwa kwenye heri yake. Na kila mmoja anataka kubeba hatua mbili tatu apate fungu lake la thawabu, kwa hiyo jeneza linapokewa bega kwa bega na halitulii hata kidogo. Kivuko kilikuwa kimeachia. Yakaja malori, likaja basi, na yote yakasimama. Lori la boriti za mikoko kutoka Nyamisati likazima injini. Abiria wa basi wakashusha mikono. Wauza mayai na machungwa wakasimama na masinia yao. Jeneza likavuka, likaingia njia ya makaburini, na hakuna gari lililopiga honi mpaka mtu wa mwisho alipopita. Nikafunika.

Filamu hiyo niliisafisha na kuichapa peke yangu usiku uleule. Nilitegemea nini, sijui. Picha ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Lori linaonekana mpaka mafundo ya kamba zilizofunga boriti. Basi linaonekana, abiria kwenye kila dirisha, mwanamke mmoja amejifunika mdomo kwa kanga. Wauza mayai wapo. Na katikati ya barabara, usawa wa mabega, hakuna kitu. Pana weupe mwembamba unaoanzia ukingoni mwa picha na kuishia ukingoni. Barabara nzima ilikuwa imetulia ili nimwone, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda. Niliketi sakafuni nikalia.

Mama yake alifika kesho yake adhuhuri. Bi Somoe, mwanamke mfupi, kanga imelowa mpaka magotini na tope la mikoko limemkaukia miguuni, kwani mashua ilikwama wakashuka kusukuma. Hakulia kwa sauti. Alikaa mkekani kati ya wanawake, akakataa maji, akauliza mambo madogo madogo: alikuwa amekonda, nywele zake alizikata, alimtaja nani. Mtu mmoja, nadhani mke wa mjomba, akamnong'oneza na kunielekeza kwa kidevu. Bi Somoe akanitazama. "Wewe ndiye Siwema," akasema. "Mwanangu aliniletea salamu kwamba mchumba wake ni mpiga picha. Basi mie nimeshukuru Mungu. Uso wake sikuuwahi, lakini wewe unao. Si ndiyo?" Chumba kizima kilinigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini, na mwanamke yule alikuwa amesukuma mashua usiku kucha. Nikamwambia, "Ninao, Mama. Haijasafishwa tu." Akanishika mkono akaubusu. Ndipo akalia.

Kabla ya mwezi kwisha niliondoka Kibiti. Nilimwambia Mzee Kondo nimepata kazi kwenye studio kubwa Dar es Salaam, na yeye akanipa kamera iliyokwama bila kuniuliza kitu. Sikupiga tena barabara. Nimepiga watu waliotulia, nikiwaambia usitikisike, usipepese, hivyo hivyo. Mara mbili tatu nilianza barua kwenda Mbwera nikaichana. Mwanzoni nilijiambia nangoja ujasiri, baadaye nikajiambia bila shaka mama huyo amekwisha kufa, Mungu anisamehe, nikaona nafuu. Baada ya simu ya Mwanaidi nilitoa kwenye kabati filamu zote za mwaka ule na kuzipitia kwa lenzi siku tatu. Kwenye ile ya ukuta wa ghala, pale aliposimama shanga zisizofika thelathini, pana kivuli hafifu. Kinaweza kuwa mtu. Kinaweza kuwa doa la maji. Nimekitazama mpaka macho yakauma na siwezi kuapa kwamba ni yeye, na kumpelekea mama doa nikamwambia ni mwanawe, hapana, uongo mmoja ulitosha. Nilichapa ile ya maziko kwa ukubwa wa gazeti, nikaifunga kwenye nailoni, nikapanda gari.

Siku hizi barabara ni lami na magari hayaji kwa makundi. Nyamisati niliingia boti ya injini, na jioni nikawa Mbwera, nimeketi kwenye kigoda mbele ya kitanda cha Bi Somoe. Amekuwa mdogo sana. Macho yake ni mazima. Alivaa miwani ya Mwanaidi, akaishika picha kwa mikono miwili na kuisogeza mwangani mlangoni. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni barabara ya Kibiti siku ya maziko, jeneza linavuka. "Liko wapi?" Nikamwonyesha weupe ule. Nikamwambia walikuwa wanakwenda mbio, kamera haikuwahi. Alipitisha kidole juu ya ule weupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na magari haya?"

"Yalisimama, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na hili basi. Lilikuwa linakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Lilikuwa limechelewa."

"Na likasimama."

"Likasimama."

Aliyatazama moja moja, muda mrefu, midomo inacheza. Akasema kaka yake alimwambia walimzika vizuri, lakini hili la magari hakumwambia. Akampa Mwanaidi picha, akamwagiza aiweke pasipovuja. Kisha akajifuta viganja kwenye kanga, akaninyooshea mkono. "Ahsante, mwanangu. Sasa nipe ile nyingine."

Nikamwambia haipo. Nikamwambia haikuwapo hata siku ile nilipomwambia ipo. Nilimweleza yote, la koti, la ukuta, na maneno niliyomjibu, nayo niliyasema kama nilivyoyasema, sikuyapunguza. Mwanaidi aliinama akatazama sakafu. Mkono wa Bi Somoe ulikuwa bado umenyooka kati yetu; akaurudisha taratibu chini ya kanga. "Miaka yote hii nimewaambia watu picha ya mwanangu iko Dar es Salaam," akasema. Nje mtu alikuwa anatwanga, tukasikiliza mchi.

"Hiyo picha ya koti," akauliza baadaye, "alikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama."

Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mapajani.

"Athumani hakuwa mtu wa kuomba kitu mara mbili," akasema.